Mustang ya Bullitt: gari lenye kutu lililouzwa dola milioni 3.74

Tarehe 10 Januari 2020, mjini Kissimmee, Florida, kampuni ya minada ya Mecum iliingiza ukumbini Ford Mustang ya mwaka 1968. Rangi yake ya kijani ilikuwa imefifia, bodi ina mikwaruzo na kutu, viti vimechoka. Nyundo ilipogonga, bei ilikuwa imefika dola milioni 3.4. Ukiongeza asilimia 10 ambayo mnunuzi humlipa mwenye mnada, jumla ikawa dola milioni 3.74. Hadi siku hiyo hakuna Mustang iliyokuwa imewahi kuuzwa mnadani kwa bei hiyo. Iliyokuwa na rekodi, Shelby GT500 Super Snake ya 1967, yaani Mustang iliyoboreshwa na kampuni ya Shelby, iliuzwa Kissimmee hapohapo Januari 2019 kwa dola milioni 2.2, nayo ilikuwa inang'aa kama imetoka dukani.

Ukiwauliza watu sababu, wengi watakujibu kwa neno moja: McQueen. Ndilo gari aliloliendesha mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, kwenye ile mbio ya magari ya mitaa ya San Francisco inayochukua takribani dakika kumi. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Magari yaliyopitia mikononi mwa watu mashuhuri ni mengi, na mengi huuzwa kwa bei ya kawaida na nyongeza kidogo. Hili lilikuwa na kitu cha ziada: ushahidi wake haukuwahi kufutwa. Na kisa cha namna ushahidi huo ulivyosalimika kina mafunzo kwa yeyote anayetaka kununua gari la Kimarekani la zama zile, hata kama ni lile bovu linalouzwa nyuma ya ghala huko Ohio.

Tuanze na chuma chenyewe. Namba ya gari ni 8R02S125559. Isome polepole. Ile 8 ni mwaka wa modeli, 1968. R ni kiwanda cha Ford cha San Jose, California. 02 ni umbo la bodi, lile lenye paa linaloteremka kwa mstari mmoja hadi kwenye buti. S ni injini: V8 ya inchi za ujazo 390, yaani lita 6.4, kabureta ya midomo minne, nguvu farasi 325. Tarakimu sita za mwisho ni nafasi yake kwenye foleni ya kiwanda, na kwa kuwa Ford walianza kuhesabu kila kiwanda na 100001, unaona lilikuwa gari la elfu ishirini na tano na kitu kwa San Jose mwaka huo. Mbele yake kwenye foleni kulikuwa na 125558, pacha wake kwa kila kitu. Yote mawili yalikwenda kwenye filamu. La 558 likapewa kazi ya kuruka vilima na kupigwapigwa, la 559 likawa la picha za karibu, McQueen akiwa kwenye usukani.

Kabla ya kupigwa picha yalipelekwa kwa Max Balchowsky, fundi wa magari ya mashindano wa California. Alichokifanya kiweke akilini, maana kitarudi mbele ya kisa hiki. Aliongeza chuma kwenye minara ya shokabu ya mbele, ile nguzo ndani ya boneti inayobeba springi na shokabu, kwa sababu Mustang za kiwandani zilikuwa na tabia ya kupasuka hapo zikitua kwa kishindo. Nembo za GT ziling'olewa, farasi wa kwenye grili akaondolewa pamoja na taa za ukungu. Chini ya milango, kwenye mbavu za bodi, yakachomelewa mabomba ya kushikia kamera. Lile Dodge Charger jeusi linalofukuzana nalo halina kisa kirefu, isipokuwa kwamba kwenye filamu linaangusha vifuniko vya magurudumu vingi kuliko magurudumu liliyonayo.

Filamu ilipokwisha, gari lilikuwa mali iliyotumika tu. Mfanyakazi mmoja wa Warner Bros. alilinunua. Mwaka 1970 likaenda kwa askari mpelelezi wa New Jersey. Mwaka 1974 likatangazwa kwenye gazeti la magari la Road & Track, na Robert Kiernan, mkazi wa Madison, New Jersey, akalichukua. Bei inayotajwa ni dola 6,000. Kwa thamani ya fedha ya 2020 hizo ni kama dola 31,000, bei ya gari jipya la kawaida la familia. Na ndivyo lilivyotumika. Mke wake, aliyekuwa mwalimu, alikuwa akiliendesha kwenda kazini.

Hapo pana jambo ambalo wachambuzi wa bei hulipita haraka mno. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka mbaya sana wa kununua gari lenye injini ya lita 6.4. Nchi za Kiarabu zilikuwa zimezuia mafuta tangu Oktoba 1973, Wamarekani walipanga foleni vituoni, bima za magari yenye nguvu zilikuwa zimepanda, na viwanda vyenyewe vilikuwa vimeshaanza kupunguza nguvu za injini tangu 1971. Magari ambayo leo yanafunikwa mashuka gerejini yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya kuondoa nuksi. Kiernan hakuwa mjanja wa soko. Alipenda gari, na bei ilikuwa ndani ya uwezo wake.

Kisha ikaja barua. Tarehe 14 Desemba 1977 McQueen mwenyewe alimwandikia, kwenye karatasi ya kampuni yake ya Solar Productions, akimwomba amrudishie Mustang. Haikuwa mara ya kwanza kujaribu. Alisema angependa kulihifadhi lilivyokuwa kwenye filamu badala ya kulikarabati, akaahidi kumtafutia Kiernan Mustang nyingine inayofanana nalo, mradi gharama isiwe kubwa mno. Kama haiwezekani, basi yaishe. Kiernan hakuliuza. McQueen alifariki Novemba 1980.

Barua ile ni karatasi moja tu, lakini kwa mtathmini ina kazi mbili. Kwanza, mwigizaji mwenyewe, miaka tisa baada ya filamu, anamwandikia mwenye gari na kukiri kwamba gari analolitaka liko kwake. Hakuna cheti cha mtaalamu kinachoishinda. Pili, inaonyesha kwamba mtu aliyelijua gari lile kuliko wote aliona thamani yake iko katika hali yake ya filamu, wakati ambapo kila mtu Marekani alidhani gari la zamani halijatendewa haki mpaka livuliwe hadi chuma kitupu na kupigwa rangi upya. Na tuseme lingerudi kwake? Mali za McQueen zilipigwa mnada Las Vegas mwaka 1984. Huenda lingekuwa humo, miaka mingi kabla ya bei kupanda, na aliyelinunua angelipeleka moja kwa moja kwa fundi wa rangi.

Mwaka 1980 klachi ilikufa, mita ikiwa imefika maili 65,000 hivi, kama kilomita laki moja na elfu tano. Gari likaegeshwa. Familia ilihama majimbo, likahama nao, hadi Tennessee. Watoto, kazi, maisha. Mwaka 2001, Ford ilipotoa Mustang mpya yenye jina la filamu ile, baba na mwanawe Sean walianza kulifungua wakidhamiria kulifufua, lakini shughuli ikakwama. Robert alifariki mwaka 2014. Sean ndiye aliyelirudisha barabarani, na namna alivyofanya ndiyo kiini cha kisa chote: alishughulikia yale yanayolifanya gari litembee na kusimama. Bodi, rangi na viti aliviacha.

Jiulize fundi wa kawaida angefanya nini. Angeona mabomba ya kamera chini ya milango akayakata, kwa sababu kwenye mchoro wa kiwanda hayapo. Angeziba matundu yaliyotobolewa kwenye buti kwa ajili ya filamu. Angerudisha nembo za GT na farasi, mpya, za dukani. Angesugua rangi yote na kuipulizia upya kijani kilekile cha Highland Green, labda vizuri kuliko Ford walivyofanya. Gari lingetoka zuri, na kila alama ya kuwa lilikuwepo San Francisco mwaka 1968 ingekuwa kwenye pipa la taka. Namba ingebaki, barua ingebaki, na bei ingekuwa kubwa bado. Milioni 3.4, sidhani.

Kabla ya kulitangaza, uthibitisho ulifanywa kwa utaratibu. Chama cha Historic Vehicle Association kililipiga picha na kulipima kila upande, likaingizwa kwenye rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria, ambayo nyaraka zake huhifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani. Januari 2018 lilionyeshwa Detroit, kwenye maonyesho ya magari, sambamba na Mustang mpya ya Bullitt ya kuadhimisha miaka 50. Aprili likakaa ndani ya chumba cha kioo katikati ya Washington. Kwa hiyo lilipofika Kissimmee miaka miwili baadaye, hakuna mnunuzi aliyekuwa na swali la kuuliza. Mtu anapoandika hundi ya mamilioni, kinachompunguzia bei si kutu, ni shaka.

Sasa mlete pacha, 125558. Kwa muda mrefu iliaminika limesagwa. Mapema 2017 habari zikatoka kwamba limepatikana Baja California, Mexico, likiwa bodi lisilo na injini wala gia boksi, limepigwa rangi nyeupe. Walionunua hawakujua walichonacho. Walikuwa wanataka kuligeuza nakala ya Mustang ya filamu nyingine kabisa. Aliyeitwa kulichunguza ni Kevin Marti, mtu ambaye kampuni yake ina leseni ya kutumia kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia mwaka 1967. Namba ililingana. Na chuma cha ziada kwenye minara ya shokabu kilikuwa bado kipo. Kazi ile ya Balchowsky, iliyofanywa ili gari lisipasuke likitua, ndiyo iliyolitambulisha karibu nusu karne baadaye. Bahati ni kwamba hakuna fundi aliyewahi kulinyoosha vizuri.

Hilo la 558 linanivutia kuliko 559, nakiri, kwa sababu mwenye nalo hana chaguo jepesi. La 559 uamuzi wake ulikuwa wazi: usiguse. Lakini bodi tupu la rangi nyeupe haliwezi kuachwa hivyo likasimulia chochote. Ukiliweka injini ya 390 kutoka gari lingine, si ile. Ukilipaka kijani, umeweka rangi mpya juu ya hadithi. Ningekuwa mimi, ningetunza kila kipande cha chuma cha Balchowsky, ningepiga picha kila hatua, na kila kilicholetwa kutoka kwingine kingeandikwa kwenye daftari linalouzwa pamoja na gari. Gari lililokarabatiwa kwa uwazi lina soko lake. Linalodai kuwa halijaguswa wakati limeguswa ndilo linalowapeleka watu mahakamani.

Turudi kwa mnunuzi wa kawaida, maana kuna hatari ya mtu kusoma kisa hiki akaamua kwamba kutu ni mali. Kutu si mali. Ipo Mustang ya 1968 yenye herufi S kwenye namba, bodi ya umbo hilohilo, haijawahi kuona kamera. Ikiwa nzuri, bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Ikiwa imeoza, hakuna atakayekulipa kwa kuihifadhi ikiwa imeoza. Vitabu vya bei kama cha Hagerty hupanga magari kwa daraja, kuanzia 1 kwa gari la maonyesho hadi 4 kwa linalotembea lakini limechakaa. Kwa macho tu, 559 lingeangukia huko chini. Lilitoka nje ya kitabu kwa sababu kuchakaa kwake kulikuwa na maelezo, na maelezo hayo yalikuwa na karatasi. La kwako likichakaa kwa mvua, limechakaa kwa mvua.

Na Mustang hizi zina mahali pa kuozea ambapo muuzaji hatakuonyesha. Hazina chesisi inayojitegemea; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sakafu ikiliwa na kutu, uimara wa gari umeliwa. Ugonjwa mkubwa unaanzia chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu ya kuingizia hewa. Chini ya matundu hayo kuna sanduku la mabati mawili yaliyounganishwa kiwandani kwa kuchomelea, na ndani mwake rangi haikufika vizuri. Majani huingia, maji hutuama, bati huliwa kutoka ndani huku nje pakiwa pasafi kabisa. Mafundi wazoefu huomba ndoo ya maji: mmoja anamwaga taratibu kwenye yale matundu, mwingine analala sakafuni mwa gari na tochi, anatazama juu nyuma ya dashibodi. Ikidondoka hata kidogo, kubaliana na bei mpya au ondoka, kwa sababu kulitengeneza maana yake ni kung'oa kioo, mabawa ya mbele na kutoboa nukta za kuchomelea moja moja. Chukua na sumaku umeifunga kitambaa, uipitishe kwenye mabawa ya nyuma na chini ya milango. Pasiposhika, umekutana na puti.

Upande wa karatasi, mnunuzi wa Ford ana nafuu. Kwa namba ya gari tu unaweza kuagiza ripoti ya Marti, ikakueleza gari lilitoka kiwandani na injini gani, rangi gani, vikorombwezo gani. Pontiac nayo ina huduma ya namna hiyo. Chevrolet za miaka ile ni balaa, kwa sababu kumbukumbu za gari moja moja hazikuhifadhiwa, na namba ya Chevelle ya 1970 haikuambii kama lilizaliwa SS, lile la nguvu na la bei, au Malibu ya kawaida. Utategemea karatasi ya kiwandani iliyosahaulika juu ya tangi la mafuta, na namba zilizogongwa kwenye injini, ambazo watu wamejifunza kuzigonga upya.

Hata kwa Ford usilale. Kibati cha namba kwenye dashibodi kina rivet mbili tu, na kampuni ya Dynacorn hutengeneza kwa leseni ya Ford bodi nzima mpya ya Mustang ya umbo hili. Kwa mwenye kulitangaza kama lilivyo, ni jambo jema, anapata gari imara lisilo na kutu. Kwa tapeli, ni kibati cha zamani na bodi la juzi. Ndiyo maana unafungua boneti na kutafuta namba iliyogongwa kwenye bati la ndani la bawa la kushoto, kisha unatazama zile zilizofichwa chini ya kingo za mabawa. Zikipingana na kibati, mazungumzo yamekwisha.

Kuna wanaopiga hesabu ya Kiernan kama uwekezaji. Dola 6,000 mwaka 1974, milioni 3.4 mwaka 2020, ni kama asilimia 15 kila mwaka kwa miaka 45 na ushei. Inapendeza, na haimfundishi mtu chochote. Hesabu hiyo haina ndani yake bima, banda la kuegesha, kulihamisha kutoka jimbo hadi jimbo, wala ile miongo ambayo mtu mwenye watoto na mkopo wa nyumba angekuwa na kila sababu ya kuliuza. Alikataa kumuuzia nyota wa filamu aliyekuwa akimbembeleza. Watu wanaotazama gari kama akiba ya benki hawafanyi hivyo. Huuza mara bei inaponona.

Rekodi yenyewe haikudumu. Julai 2020, kwenye mnada wa Mecum wa Indianapolis, Shelby GT350R ya 1965 yenye namba 5R002, ile iliyopigwa picha ikiwa hewani na Ken Miles kwenye usukani huko Green Valley, Texas, Februari 1965, iliuzwa dola milioni 3.85. Na hiyo ilikuwa imekarabatiwa, ikarudishwa jinsi ilivyokuwa siku ile ya mbio. Wapo waliosema hapo hoja ya kutogusa imekufa. Mimi naona tofauti. Gari la mashindano hubadilishwa kila wiki tangu siku ya kwanza: injini inang'olewa, rangi inapigwa juu ya rangi, wamiliki wanalikata wanavyotaka. Hali moja tu ya asili ya kuihifadhi haipo. Waliolifufua walichagua siku moja yenye picha na maandishi, wakalirudisha hapo. La 559 halikuhitaji kurudishwa popote, kwa kuwa halikuwahi kuondoka.

Aliyelinunua 559 hakutaja jina lake hadharani.